UZI: Nguvu ya kuvuta ndani ndo inapeleka mpira wa gofu mbali (mrefu, mifano ya huku kwetu Malindi)

Kombeo_la_Magarini

Salaam wadau. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu sana, leo acha niuweke manake jioni hii nimetoka uwanjani hapa Malindi nimeona kijana mmoja ana kifua kama mlango wa ghala, anapiga draiva (ile fimbo ndefu ya kupeleka mpira mbali) meno yameuma, mishipa ya shingo imesimama, mpira unaenda mita 150 halafu unakata kulia vichakani. Nyuma yake akaja mzee mwembamba wa miaka sitini na kitu, akapiga taratibu kama mtu anafagia ua, mpira ukampita yule kijana kwa mbali. Watu wakaanza kusema mzee ana siri yake. Mi nikanyamaza pale lakini roho haijatulia, manake siri hio inaelezeka, na mtoto wa form two akielezwa vizuri anaifahamu.

Nilibeba mifuko ya wacheza gofu, yaani kedi, tangu niko shule, baadaye nikafundisha fizikia miaka mingi, kwa hivyo haya mambo mawili yamekaa pamoja kichwani mwangu muda mrefu na ntayaeleza kwa mifano yetu, si ya vitabuni.

Naanza na kombeo. Tulipokuwa wadogo kule Magarini msimu wa mahindi kazi yetu ilikuwa kufukuza nyani shambani, silaha ni kombeo la kamba ya makumbi. Unaweka jiwe, unazungusha juu ya kichwa, na kadri kasi inavyozidi ndo unaskia kamba inakukata vidole. Sasa ukiachia ncha moja jiwe linaenda wapi? Wengi watakwambia linaruka nje moja kwa moja kutoka kwako. Hapana. Linafuata ile njia lililokuwa linaelekea wakati ule ule ulipoachia, pembeni ya duara, kama gari lililoshindwa na kona. Maanake jiwe lilikuwa linataka kwenda moja kwa moja tangu mwanzo, ni wewe na kamba yako mlikuwa mnalivuta ndani kila wakati ili lipinde. Hio nguvu ya kuvuta ndani ishikeni, ndo uti wa mgongo wa uzi huu.

Kiasi chake kinahesabika. Chukua uzito wa kitu, zidisha kwa kasi, zidisha kwa kasi tena, gawanya kwa umbali kutoka katikati ya duara. Kichwa cha draiva kina gramu 200 hivi. Mchezaji wa kawaida anakipitisha kwenye mpira kwa mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, wakati matatu zetu zimewekewa mwisho 80. Umbali tuseme mita 1.6, mkono pamoja na fimbo. 0.2 mara 40 mara 40 gawanya 1.6, unapata newtoni 200. Hilo ni dumu la maji la lita 20 limening'inia kwenye vidole vyako, na bado sijahesabu mpini wenyewe. Sasa angalia hapa: wale wapigaji warefu wa PGA Tour, mashindano ya wanaume wa kulipwa kule Marekani, wanafika mita 56 kwa sekunde. Kasi imeongezeka kwa asilimia 40 tu, lakini kwa sababu kasi inajizidisha yenyewe, dumu zimekuwa mbili.

Kwa hivyo yule kijana anayekaza mikono kusukuma fimbo kwenye mpira anafanya kazi ambayo haihitajiki, na ile inayohitajika, kushikilia dumu huku anazunguka bila kuyumba, hana nafasi ya kuifanya kwa sababu mwili wote umeshakaza.

Naendelea baada ya isha inshallah.

FundiWelder_MLD

Mwalimu salaam. Mi gofu siijui lakini mashine nazijua. Unasema hakuna nguvu ya kutupa nje? Diski ya grainda ikipasuka vipande vinaruka nje, nimewahi kuona kipande kimeingia kwenye mlango wa mbao. Na hio fimbo nikiizungusha naskia kabisa inanivuta kwenda nje. Sasa mkono wangu unadanganya?

Kombeo_la_Magarini

Fundi ahsante sana, hili swali ndo nilikuwa nalingoja. Mkono wako haudanganyi. Ukivuta fimbo ndani, fimbo inakuvuta wewe nje kwa kiasi kile kile, ni kama kuvutana kamba, hakuna anayevuta peke yake. Kwa hivyo mvuto wa nje upo kweli, lakini uko juu ya mkono WAKO. Fimbo yenyewe inavutwa ndani tu.

Ushahidi unao wewe mwenyewe kila siku kazini. Ukikata chuma, zile cheche zinaelekea wapi? Hazitoki katikati ya diski kwenda nje kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto. Zinatoka zimegusa ukingo, zinafuata upande diski inazungukia, mstari mnyoofu. Ndo maana mafundi wanaojua hawasimami kwenye mstari wa diski. Na kipande kilichopasuka ni vivyo hivyo, kimekosa wa kukivuta ndani kikaenda zake moja kwa moja.

FundiWelder_MLD

Cheche! Wallahi miaka yote hii naziangalia sikuwahi kufikiria hivyo. Endelea.

Kombeo_la_Magarini

Haya, sasa tunaingia kwenye utamu wenyewe.

Kombeo lina kamba moja. Gofu ina vipande viwili: mkono ni kipande cha kwanza, umefungwa begani, na fimbo ni kipande cha pili, imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Kifundo ni bawaba. Wataalamu wanaita pendulamu pacha, yaani kitu kinachoning'inia na kubembea, chini yake kimening'inia kingine. Ukipandisha fimbo juu, kifundo kinajikunja na fimbo inafanya kona na mkono, karibu nyuzi 90. Halafu unaanza kushusha. Kushuka kote mpaka kugusa mpira ni robo ya sekunde hivi, hakuna mtu anaweza kufikiria na kurekebisha humo ndani, kwa hivyo lazima umbo la mzunguko lifanye kazi lenyewe.

Swali kubwa ni hili: nani anaifungua ile kona? Yule kijana anadhani ni yeye kwa mikono. Hebu fikirieni boti ya mashini imefunga kihori nyuma kwa kamba, inatoka pale jeti ya Malindi. Boti ikienda moja kwa moja kihori kinafuata tu. Nahodha akikata kona kali, kihori kinafanyaje? Kinafagia nje, tena kwa kasi kuliko boti yenyewe, kikija kujipanga kwenye mstari wa kamba. Hakuna mtu ndani ya kihori anapiga kasia. Ni kwamba kamba inavuta pua peke yake na uzito wa kihori uko mahali pengine, kwa hivyo mvuto ule unakigeuza mpaka kinyooke nao.

Fimbo ni kihori. Mikono ni boti. Mikono yako inakata kona kuzunguka bega, inavuta mpini ndani, lakini uzito wa fimbo uko chini kule kichwani, hauko kwenye mstari wa ule mvuto. Kwa hivyo mvuto wenyewe unaigeuza fimbo, kona inafunguka, na inafunguka kwa nguvu zaidi kadri mikono inavyozidi kasi. Ukiwa umelegeza kifundo hii inatokea bure. Ukiwa umekaza kifundo ni kama umeweka mtu kwenye kihori ashike usukani upande mbaya.

Na kitu cha mwisho hapa ambacho watu wengi wakiambiwa hawaamini. Fimbo inapofunguka inaivuta mikono nyuma, na mikono INAPUNGUA kasi kabla ya mpira kuguswa. Kwa mchezaji mzuri mikono inafika kama mita 9 kwa sekunde, halafu inashuka, huku kichwa cha fimbo kimepita 45. Ile kasi iliyotoka mikononi haikupotea, imehamia kwa fimbo. Kiuno kinaanza, kinapungua, kinampa kifua. Kifua kinapungua, kinawapa mikono. Mikono inapungua, inaipa fimbo. Kama watu wamepanga mstari wanapitishiana ndoo kuzima moto, ukiona mmoja ameng'ang'ania ndoo yake maji hayafiki.

Mimi niliwahi kufundishwa na mtu, simtaji, aliyenipigia kelele mwaka mzima "ongeza mikono mwisho, ongeza mikono mwisho." Mwaka mzima nilipoteza. Nikija kuchora kwenye karatasi ndo nikaona alichokuwa ananiambia ni kinyume na kile kinachotakiwa, na iliniuma manake kulikuwa na watoto wengine pale walioacha mchezo wakidhani hawana kipaji.

mshipi_na_chambo

Shikamooni wakubwa. Mi mvuvi, niko Mayungu. Hii habari ya kupitishiana ndo kurusha mshipi kabisa. Ukirusha na ufito, ukiuachia mapema risasi, kile kizito cha mshipi, inaanguka hapo mbele ya miguu yako hata ukitumia nguvu za ng'ombe. Unavuta kwanza, ufito unapinda, halafu mkono unasimama kidogo, na ule kusimama ndo risasi inaruka. Asiposimamisha mkono hapati kitu. Babangu alikuwa akisema "zuia ndo iende" nami sikujua maana yake mpaka nimekua.

Kombeo_la_Magarini

Marahaba mwanangu. "Zuia ndo iende" ni ufupisho bora kuliko wangu wote, ningekuwa bado nafundisha ningeiandika ubaoni. Na ujue wacheza gofu wa Uingereza na Marekani hilo kosa la kufungua kifundo mapema wanaliita kwa jina hilo hilo la kurusha mshipi, ila wao wanamaanisha ule urushaji mbaya.

Dada wa Shela

Asalaam alaykum. Mimi niko Lamu, huku nafanya mazoezi ufuoni Shela maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu. Mwili wangu mdogo, kilo 54. Kila video naambiwa niende jim nipate misuli. Swali langu kwa mwalimu, kwa hesabu zako uzito wa mwili una maana gani? Manake kama dumu la lita 20 linanivuta nje, mimi si ntaanguka?

Na kuna kitu naona kinafanana na kirumbizi ya huku. Wazee wakicheza fimbo hawapigi kwa bega, wanageuza kiuno, fimbo inakuja baadaye yenyewe.

Kombeo_la_Magarini

Waalaykum salaam dadangu. Kirumbizi umenikumbusha vizuri, mcheza fimbo mzuri utamuona miguu inatangulia kabisa, fimbo ni ya mwisho kufika.

Kuhusu misuli. Desemba 2019 kulikuwa na mashindano ya wanawake pale Vipingo, Kilifi, Magical Kenya Ladies Open, akashinda Esther Henseleit wa Ujerumani. Wachezaji wa LPGA, chama cha wanawake wa kulipwa kule Marekani, wastani wao wa kasi ya draiva ni kama kilomita 150 kwa saa, hio inalingana na mwanamume wa kawaida anayecheza wikendi, tena inamzidi kidogo. Wengi wao ni wepesi kuliko yule kijana wangu wa kifua cha ghala. Misuli inasaidia, siwezi kukudanganya, mtu akiwa na nguvu na mpangilio atakushinda. Lakini mpangilio ndo unakuja kwanza.

Sasa kuanguka. Dumu linakuvuta kuelekea mpira na mbele, kwa hivyo lazima mwili uvute upande wa pili, na mwili hauna pa kushika isipokuwa ardhi. Ndo kazi ya miguu. Ukishuka, unakanyaga mguu wa mbele, kwa anayetumia mkono wa kulia ni ule wa kushoto, na wachezaji wakubwa wanaukanyaga kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wao wote. Wewe kilo 54 unaweza kuikanyaga ardhi kwa zaidi ya 54, jaribu kuruka juu ya mizani ya dukani utaona mshale. Ardhi inakurudishia, nyonga inapanda na kwenda nyuma, bega la kushoto linapanda, na mikono inavutwa juu na ndani wakati ule ule kichwa cha fimbo kinakaribia mpira.

Huko kuvuta juu kuna faida nyingine ambayo mi naipenda kuliko zote. Umeona mtoto kwenye bembea akitaka kuongeza mwendo bila kusukumwa? Anachuchumaa bembea ikiwa juu, anasimama inapopita chini kabisa. Pale chini mvuto ni mkubwa, yeye anajiinua dhidi ya mvuto huo, na kazi aliyoifanya inageuka kuwa kasi. Fimbo ni hivyo hivyo. Ukivuta mpini ndani sentimita chache wakati dumu limejaa, unafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, na kichwa cha fimbo kinaongezeka kasi bila wewe kukisukuma hata kidogo.

Ila dada mchanga wa ufuoni uangalie, ukiwa umelegea chini mguu unazama na nguvu yote inaishia mchangani. Chagua pale palipobanwa na maji.

Kedi_kijana

Mwalimu mi kedi hapa hapa Malindi, naskia wateja wanabishana kuhusu fimbo kila siku. Kwa nini wedge, ile fimbo fupi ya mipira ya karibu, ina kichwa kizito na draiva ndefu ina kichwa chepesi? Si ingefaa draiva ndo iwe nzito ipige zaidi?

Kombeo_la_Magarini

Swali la mtu anayebeba mifuko hilo, umeona tofauti kwa bega lako mwenyewe. Ukaidi wa kitu kuzungushwa, inersia ya mzunguko, hautegemei uzito tu, unategemea uzito mara umbali mara umbali. Shika mchi wa kutwangia katikati uugeuze geuze, halafu ushike mwisho ufanye vile vile, ni mchi ule ule lakini kifundo kitakwambia tofauti.

Piga hesabu ya vichwa peke yake. Draiva gramu 200 kwa urefu wa mita 1.14, unapata 0.26. Wedge gramu 300 kwa mita 0.89, unapata 0.24. Zinakaribiana! Watengenezaji wamepunguza uzito kadri fimbo inavyorefuka ili mkononi zote zikaidi karibu sawa, usilazimike kujifunza mzunguko mpya kwa kila fimbo mfukoni. Ungeweka gramu 300 kwenye draiva ungepata 0.39, na kiuno chako kingechelewa.

Tena kichwa chenyewe kina inersia yake. Ukigonga mpira kwenye ncha badala ya katikati, kichwa kinajigeuza kama mlango uliopigwa teke pembeni. Ndo maana draiva za siku hizi ni kubwa na tupu ndani, uzito umesukumwa kingoni, kigeuke kwa shida. Sheria za USGA na R&A, wanaosimamia kanuni za gofu duniani, zimeweka mwisho, ujazo sentimita 460 za ujazo, na inersia ya kichwa gramu 5900 mara sentimita mbili za mraba.

Nimekosea hapo, samahani wadau, ni gramu 5900 mara sentimita ya mraba, hakuna mbili.

FundiWelder_MLD

Sasa mwalimu kwenye kugonga kwenyewe, si lazima ukaze mkono pale pale ili fimbo isirudi nyuma? Mi nikigonga nyundo nakaza.

Kombeo_la_Magarini

Fundi, fimbo na mpira vinagusana kama nusu ya sehemu moja kati ya elfu ya sekunde. Kichwa kinasogea kama sentimita 2 mpira ukiwa bado umebanwa usoni, kisha umeondoka. Mpira una gramu 46, unatoka kwa karibu mita 60 kwa sekunde, kwa hivyo nguvu ya wastani pale inazidi newtoni 5000, ni zaidi ya uzito wa nusu tani. Vidole vyako haviwezi kuongeza chochote kwenye nusu tani, na habari ya kugongana ikipanda kwenye mpini mpaka mkononi, mpira umeshaenda. Kichwa kiko peke yake wakati huo kama jiwe limetoka kwenye kombeo. Kila kitu ulichotaka kufanya ulipaswa uwe umeshakifanya kabla.

Kedi_kijana

Na kusi hii ya siku hizi? Wateja wakipiga dhidi ya upepo wanaongeza nguvu, mpira unapanda juu kama tiara halafu unaanguka hapo hapo.

Kombeo_la_Magarini

Mzunguko tena, huu sasa wa mpira. Uso wa fimbo umelala kidogo, kwa hivyo mpira unatoka unajizungusha kinyumenyume, kwa draiva kama mara 2500 kwa dakika, kwa fimbo namba 7 kama 7000. Mpira ukizunguka hivyo unasukuma upepo chini na upepo unaunyanyua mpira. Vile vidimbwi kwenye ngozi yake vinasaidia kazi hio. Upepo ukiwa usoni mwako mpira unakutana na hewa yenye kasi zaidi, unanyanyuliwa zaidi. Ukiongeza nguvu umeongeza na mzunguko, unazidi kupanda. Mwambie mteja achukue fimbo ndefu zaidi ya ile aliyofikiria na apige taratibu. Atakataa mara ya kwanza. Mwambie tena kesho yake.

Dada wa Shela

Mwalimu tupe zoezi moja la kufanya nyumbani, bila mpira.

Kombeo_la_Magarini

Mawili. Chukua kamba nene ya mita moja, funga fundo kubwa mwishoni, izungushe kama fimbo ya gofu. Kamba haisukumiki, inavutika tu, kwa hivyo ukianza kutumia mikono vibaya itajikunja na utaona hapo hapo. Ikinyooka mbele yako chini umeivuta vizuri.

La pili geuza draiva juu chini, shika karibu na kichwa, zungusha hewani na usikilize ule uvumi, "vuuu". Uvumi mkubwa utoke pale mpira ungekuwepo au mbele yake kidogo. Fanya asubuhi kabla upepo haujaanza, usikie vizuri.

Dada wa Shela

Nimefanya leo alfajiri darini. Ya kamba imenyooka mara tatu kati ya kumi. Uvumi wangu unatoka mapema, karibu na bega la kulia.

Kombeo_la_Magarini

Basi unafungua kifundo mapema, hapo ndo urushaji wa mshipi. Usifikirie mikono kabisa wiki hii. Anza na mguu wa kushoto, ukanyage kwanza, fimbo ikiwa bado inapanda. Ukiskia uvumi umehamia mbele ya goti rudi hapa uniambie.

mshipi_na_chambo

Na mimi nimetafuta fimbo ya kuazima. Kesho nikitoka baharini napita uwanjani.